Kamba ya Kupandia Ngazi

Naanza na aibu yenyewe ili mtu mwingine asinitangulie: watu wa Kabambare wameniona matako. Si mmoja wala wawili, karibu wote, pamoja na wale ambao siku hiyo walikuwa mbali shambani lakini wakasimuliwa vizuri kiasi cha kuapa kwamba walikuwepo, na ndiyo maana nikifika kule na moto yangu, yaani pikipiki, ninapiga honi mapema, wacheke mpaka wamalize, halafu nasimama tunasalimiana kama watu wazima.

Chanzo ni mkanda. Mimi hubeba watu na mizigo hapa Kasongo, na siku moja sokoni nilikuwa natafuta kamba ya kufungia magunia, nikaona, katikati ya balo la nguo za Ulaya lililomwagwa chini, mkanda bapa, mpana kama vidole viwili, mwekundu uliochoka, mrefu, ncha zake zimeungwa kwa fundo mpaka ukawa pete kubwa ya kutosha watu wawili. Muuzaji alidhani ni mkanda wa suruali ya tembo. Mimi nilijua ni mkanda wa wapanda majabali, nikaununua. (Nimemaliza masomo ya jioni, diplome yangu iko ukutani ndani ya plastiki, na mtu aliyesoma baada ya kushinda kutwa juu ya moto hasahau kitu, maana kila neno alilipata kwa kupigana na usingizi.) Shuleni kwetu kulikuwa na magazeti ya kale ya Kifaransa, na moja lilieleza habari za wapanda majabali, nikalisoma mpaka karatasi zikalegea kama kisamvu.

Sasa sikilizeni, maana historia ya kitu hiki ni tamu. Mwanzoni Wazungu walipanda mawe wakiwa wamejifunga kiunoni kamba ya katani, ikilowa inakuwa nzito kama deni la ukoo, ikikauka inakuwa ngumu kama fimbo, na vipande vyake walivizungusha kwenye pembe za mwamba ili mtu akianguka abaki ananing'inia. Baada ya vita kuu ya pili ikaja nailoni. Halafu wakaona kwamba mkanda bapa unalala juu ya jiwe vizuri kuliko kamba ya mviringo, wakawa wanaukata na kuufunga wenyewe, ingawa fundo lake ni la kukagua kila asubuhi, lina tabia ya kutambaa polepole likijifungua. Mwishowe mashine zikashona zile ncha, fundo likastaafu, na siku hizi wana mikanda myembamba kama utepe wa nywele na inaweza kubeba ng'ombe. Wangu ulikuwa wa kizazi cha fundo, kitu cha kale, kitu cha heshima. Adui wake, gazeti lilisema wazi, ni uzee na jua: nailoni iliyookwa juani inabaki na sura, lakini nguvu zimekwisha ndani. Hayo nilimhubiria kila abiria, huku mkanda wangu mwenyewe nikiuanika kila siku juu ya bati.

Basi ikafika siku ya kwenda Kabambare kujionyesha kwa wazazi wa Salima. Nilitaka kumwoa Salima tangu zamani, na yeye alitaka, kilichobaki ni baba yake, muzee Amuri, ambaye alikwisha kuwarudisha makwao vijana wengine kwa sababu ya mikono laini. Nilikwenda na baba mudogo Sefu, mdogo wa marehemu baba yangu, awe msemaji wangu.

"Shabani," aliniambia kabla hatujaondoka, "kule mudomo nitabeba mimi. Weye beba zawadi."

Njiani moto ikazama kwenye tope mpaka taa. Nikafungua mkanda wangu, nikaufunga kwenye moto, watu wakavuta, ikatoka. Mkanda ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo, na mimi nikauchukua mlio huo kuwa furaha.

Muzee Amuri alitupokea vizuri sana, ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kuchoma. Mama Salima hakutokea, na hiyo si chuki, ni heshima: kwao mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, akipita huku wewe unapita kule, na maneno yake yanakufikia kwa kupitia mtu mwingine. Tulikuwa katikati ya kula muzee akaniuliza, bila kuniangalia, "Na kupanda ngazi, kijana, unajua? Maana mwenye kuoa Salima atapanda ngazi kwanza, nione mikono yake."

(Kwetu ngazi ni ule mti wa mawese. Na hilo neno kupanda, mlishike, litanirudia.)

Baba mudogo alifungua mdomo kujibu. Nikamwahi. "Papa, kupanda ngazi ni kazi yangu kabisa. Tena mimi napanda na kamba."

Muzee aliacha tonge hewani. "Na kamba?"

"Bila kamba sipandi hata moja." Nikamtolea mkanda wangu, nikamshushia historia yote, katani, nailoni, fundo, mashine, na yeye akaupapasa kwa heshima kama kanzu ya sheikh.

"Sefu," akasema, "huyu mutoto mulimuficha wapi? Vijana wa hapa wanapanda ovyo ovyo, moja huku, moja kule, kama mavi ya mbuzi. Na unaanza wapi, kijana?"

"Chini kabisa, papa. Naenda juu polepole, sirudi nyuma."

"Ndiyo vile. Shamba yangu iko na mulima."

Nikalala nimeshaoa.

Asubuhi muzee alituambia tumtangulie shambani nyuma ya nyumba, yeye anapitia kwa jirani kuchukua vitu. Majirani walikuwa wamekwisha kusikia kwamba kuna fundi wa kamba kutoka Kasongo, wakaja na viti vyao. Baba mudogo akasema tumngoje mwenye shamba. Nikamjibu kwamba muzee akikuta nimeshafika juu atalia kwa furaha, nikachagua ngazi ndefu kuliko zote, ndefu kiasi kwamba ndege waliokaa juu yake walikuwa wa nchi nyingine, nikauzungusha mkanda kwenye shina na kiuno changu, nikafunga fundo, na (naapa) nikalikagua.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Unaegemea nyuma, unarusha mkanda juu, unapiga hatua, unaegemea tena, na chini watu wanasema eeh, na mimi nilikuwa nawaeleza kwa sauti kubwa jinsi nailoni inavyoharibiwa na jua, ndipo nikasikia mkanda unasafisha koo tena. Nikaangalia. Pembeni ulikuwa umeota manyoya, manyoya yanageuka unga, na mpasuko unakuja katikati bila haraka. Historia ya mikanda yote ya dunia niliijua, isipokuwa ya huu niliouvaa.

Nikaukumbatia mti kwa mikono, kwa miguu, na kwa imani yote niliyo nayo. Mkanda ukakatika ukaanguka, nikateleza kidogo, kidogo tu, lakini vile visiki vya makuti ya zamani vikaishika suruali yangu mpya, mimi nikashuka, suruali ikakataa kushuka, ikapasuka kutoka kiunoni hadi gotini. Na ndani (kwa sababu ya lile tope la safarini) hapakuwa na kitu, nguo ya ndani nilikuwa nimeifua, ilikuwa bado kwenye kamba ya Salima inakauka.

Wakati huo huo, hapo chini kabisa, anakuja mama Salima na ndoo ya maji kichwani. Akasikia watu wamenyamaza, akainua macho. Ndoo ikaanguka, yeye akajitupia kitenge kichwani, akageuka akaukabili mti wa ndizi kama mtu anayesali.

Nyuma yake akaja muzee Amuri. Kichwani alikuwa na kapu, na ndani ya kapu miche midogo ya ngazi, mibichi, majani yake yanacheza, na begani jembe jipya.

"Shabani iko wapi?"

"Iko juu," akasema baba mudogo.

"Juu ya nini?"

"Juu ya ngazi."

Muzee aliinua kichwa. Halafu akaweka kapu chini taratibu na kusema kwa huzuni, "Mwanangu, nilisema upande ngazi. Sikusema upande ngazi."

Mimi kule juu ndipo nikaelewa, na kuelewa hakunisaidia chochote, mikono ilikuwa inachoka. Nikapaza sauti: "Leteni ngazi, leteni ngazi." (Masomo ya jioni hayo, kwa Kiswahili cha vitabu ngazi ni kile chombo cha kupandia ukutani.)

"Ngazi ingine?" akauliza mama mmoja jirani. "Hiyo yenye uko unakumbatia umeimaliza?"

"Anataka eshele," akasema baba mudogo. "Mumusamehe, ni mutu wa diplome."

Wakaenda kuomba eshele kanisani, walikokuwa wanatengeneza paa, nikashuka nayo nikiwa nimewapa Kabambare yote mgongo na kilicho chini ya mgongo. Salima alinipokea amegeuza uso, ananinyoshea kitenge, mabega yanatetemeka.

"Jifunge. Ni ya mama."

"Salima, unalia?"

"Nacheka, nyamaza."

Kitenge cha mama mkwe, nimekivaa mimi. Nilijua pale pale kwamba mambo yamekwisha. Muzee aliokota mkanda wangu uliokuwa umekatika, akalikaza fundo, akaunyosha kati ya vijiti viwili, kutoka chini ya kilima kwenda juu. "Kamba yako ya kupandia ndiyo hii," akasema. "Sasa panda." Nikashika jembe. Nikapanda mpaka kapu likawa tupu, nimevaa maua makubwa ya njano, malengelenge mikononi, na mstari wangu (hata maadui zangu wanakubali) ulinyooka kama barabara ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Jua lilipopanda sana tukarudi, na baba mudogo akaanza maneno ya kuaga, kwamba tunaomba radhi, tunaomba njia, na kitenge tutakifua na kukirudisha. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko.

"Sefu, ambia huyo mutoto, kitenge yangu haiwezi kwenda Kasongo peke yake. Iende na Salima. Chenye nimeona nimekwisha kuona, hakuna tena kitu cha kuficha hapa."

Muzee Amuri akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na alipomaliza akaomba chai.

Salima niko naye, na kitenge kiko, anakivaa kila ninapojisifu mbele ya wageni. Ule mkanda bado uko kule, umefungwa kwenye vijiti, jua linaendelea na kazi yake. Na mimi nimeapa: mtu yeyote akiniambia nipande, hata abiria akisema tupande moto twende, namuuliza kwanza, kwa jembe ao kwa miguu.