Mkaguzi na Mchuzi wa Wifi

Kila mkahawa wa mtaa ule ulimjua, na kila mkahawa ulimwogopa kidogo. Wahudumu walimbandika jina la Mkaguzi, wakalitumia hata mbele yake, naye hakulikataa. Akiingia, hukaa mgongo ukutani na macho kwenye mlango wa jikoni. Glasi ya maji huinusa kabla ya kuinywa. Nyama huigeuza kwa kijiko, ya chini ikaja juu, kama anayemtafuta mtu aliyejificha uvunguni. Kisha huuliza:

"Leo nani yuko jikoni?"

"Ni yule yule, mama."

"Yule yule mkono wake hautetemeki kwenye chumvi. Leo umetetemeka. Hebu kaniulizie."

Mhudumu huenda, hurudi akijikuna kichwa. Kweli, mpishi ana homa, mwiko kashika shemeji yake.

Hakuna aliyependa chakula kama yeye, na hakuna aliyekitilia shaka kama yeye. Kutwa alisimama kwenye mvuke wa duka la dobi akipiga pasi mashati ya watu, na kati ya kola na kola alikuwa akiwaza jioni atakula nini. Maharage yaliyochemka taratibu mpaka yakajitengenezea rojo. Samaki aliyekaangwa hata ngozi ikalia mdomoni. Wali ambao kila punje imenuna peke yake. Akipata nafasi alikwenda kula nje, si kwa njaa, bali kwa kutaka kujua wenzake wanafanyaje. Akikutana na ladha mpya aliibeba kinywani kama mtu anayebeba maji kwa kiganja, akikimbilia nyumbani kabla haijamwagika, na jiko halikuzimwa mpaka ameipata. Shule hakupelekwa. Yote aliyoyajua yalikaa kwenye ulimi.

Mkahawa mmoja tu hakuwahi kuutia mguu: wa wifi yake.

Huko nyuma walikuwa wawili. Yeye jikoni, na wifi, dada wa mumewe, mbele kwa wateja, na kile kicheko chake cha kuvuta watu kutoka ng'ambo ya barabara. Walianza na benchi moja na sufuria alizokuja nazo Mkaguzi mwenyewe alipoolewa. Watu walifuata mchuzi wake wa nyama na viazi, wakaupangusa kwa mkate mpaka sahani ikang'aa. Kisha mume akapata mwanamke mwingine, akahamia huko, na asubuhi iliyofuata ufunguo wa Mkaguzi ukakataa kuingia kwenye kufuli. Kufuli lilikuwa jipya. Sufuria zake zilikuwa nje barazani, zimepangwa, zimefunikwa shuka jeupe kama maiti.

"Usinitazame hivyo, wifi," yule mwanamke alisema kupitia dirishani. "Banda ni la kaka yangu. Mimi nitafanyaje?"

Alichofanya ni kuendelea kufungua mlango kila asubuhi na kuwauzia watu maji ya rangi akiyaita mchuzi. Na watu wale wale waliokuwa wakimwita Mkaguzi dada yao, wakaendelea kula pale. Yeye aliondoka na sufuria kichwani na mtoto wa kike mkononi.

Tangu hapo hakutaka tena mkono wa mtu kwenye chungu chake, hata wa mwanawe. Waliishi chumba kimoja, pazia likigawa kitanda na jiko la gesi. Binti alimenya vitunguu, akatwanga saumu, akaosha nyama. Lakini ikifika pale mchuzi unapotaka kuwa mchuzi, mama hukumbuka jambo.

"Hebu kaangalie nguo kwenye kamba."

"Nimeshazianua."

"Basi kamwombe jirani kiberiti."

"Mama, jiko si linawaka?"

"Nimesema nenda."

Binti huenda. Akirudi, anakuta kifuniko kiko juu ya sufuria, na mama amekaa kando yake na uso wa askari wa zamu. Ndivyo msichana yule alivyokua. Aliujua mwanzo wa kila mchuzi, na mwisho wake sahanini. Katikati alikuwa nje.

Alipokuwa mkubwa, mama alimpeleka kwa fundi cherehani akajifunze kazi. Mwanzoni alirudi na nyuzi zimemganda kwenye sketi. Baadaye nyuzi zikakoma. Mama aliliona hilo, akaliweka akilini. Kisha msichana akaanza kuonja chakula cha jioni na kusukuma sahani.

"Nimeshiba tu, mama."

"Umeshiba nini? Vifungo?"

"Tulikula mkate na wenzangu."

"Mkate gani unaonuka kitunguu cha kukaanga? Sogea hapa." Akamnusa kitambaa cha kichwa, akamnusa mikono, akamnusa hadi kucha.

"Mama, unaninusa kama mbwa wa polisi!"

"Mbwa wa polisi ananusa wezi. Wewe umeiba nini?"

Binti akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika machoni.

Wazo la kwanza la Mkaguzi lilikuwa mwanamume. Hilo ndilo lililokuwa wazo lake la kwanza katika mambo yote. Mwanamume mwenye jiko lake, tena pengine mwenye mke wake. Akalala nalo, akaamka nalo, akaunguza kola ya shati la mteja kwa ajili yake. Mwishowe aliomba ruhusa kwa dobi, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. "Binti yako?" alisema kwa pembe ya mdomo. "Huyo aliniaga zamani, mama. Alisema umemtafutia kazi kwa shangazi yake."

"Shangazi yake yupi?"

Fundi akatoa pini. "Kwani anao wangapi?"

Anaye mmoja. Mkaguzi alitoka pale bila kuaga, miguu ikimpeleka njia ambayo kwa miaka yote alikuwa akiizunguka hata wakati wa mvua. Njiani aliona yote. Wifi amemlaghai mtoto. Wifi amemwita kwa zawadi, akamkalisha, akamchokonoa: mama yako anatia nini, anaanza na nini? Banda amechukua. Wateja amechukua. Sasa anataka kilichobaki, na kukipata amepitia kwa mtoto wa tumbo la Mkaguzi mwenyewe.

Banda lilikuwa limepakwa rangi, benchi limekuwa meza. Alijitanda kitambaa hadi kwenye nyusi, akakaa pembeni, akaagiza mchuzi wa nyama na viazi. Hakuuliza nani yuko jikoni.

Ulipokuja aliuinamia, akanusa, akanusa tena. Kitunguu kilikuja mara mbili: kwanza kile kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya mbao, halafu nyuma yake kile kibichi kilichopondwa na kutiwa mwishoni. Pilipili manga ilikuwa imekaangwa kavu kabla ya kusagwa. Hiyo ilikuwa njia yake. Hakuna mtu mwingine aliyepika hivyo, na yeye hakumfundisha mtu. Akala kijiko kimoja, kisha cha pili, na kwa aibu yake mwenyewe akagundua kuwa anafurahia.

Kisha kijiko kikagonga kiazi, kiazi kikagoma.

Akabonyeza. Nje kilikuwa laini, ndani kimejikaza kama ngumi. Meza ya pili, wanaume wawili wenye ovaroli walikuwa wakivipanga viazi vyao ukingoni mwa sahani.

"Mchuzi wa hapa ni wa peponi," mmoja alisema.

"Viazi ndivyo vya jehanamu," akajibu mwenzake, wakacheka.

Mkaguzi hakucheka. Kosa lile alilijua. Ndimu ilikuwa imetangulia. Ukitia ndimu kiazi hakijalainika, hujikaza, na utachemsha mpaka gesi iishe. Wifi asingekosea hapo, maana wifi hakujua hata kama mle ndani mna ndimu. Na mtu aliyefundishwa vizuri asingekosea pia. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua kila kilichomo kwenye sufuria ile isipokuwa zamu ya ndimu, kwa sababu kila ndimu ilipokatwa, yeye alikuwa ametumwa kwa jirani.

Akainuka, akapita katikati ya meza, akasukuma mlango wa jikoni.

Binti alikuwa mbele ya moto, mikono ya blauzi imekunjwa, jasho kwenye mdomo wa juu. Kando yake, juu ya kigoda, wifi alikuwa akimenya viazi. Alikuwa amezeeka. Mashavu yaliyokuwa yakiita wateja yalikuwa yameshuka.

"Wifi!" alisema, kisu kikasimama hewani. "Karibu. Usisogelee hapo, utaungua."

"Niliungua zamani." Akamgeukia binti. "Vua hiyo aproni. Twende."

"Sivui, mama."

"Huyu amekulisha nini?"

"Hajanilisha. Nilikuja mwenyewe nikamwomba aniachie jiko." Msichana alijifuta jasho la mdomo kwa kiganja. "Hapa naruhusiwa kukaa mpaka sufuria iive."

Mkaguzi akamtupia wifi jicho.

"Mimi sikumwita, wifi," yule mwanamke alisema polepole. "Ila alipokuja sikumfukuza. Kufukuza nilifukuza mara moja, na sikupata raha."

Maneno matamu. Mkaguzi aliyajua, aliishi nayo, alijua hata moto yanaopikiwa. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Nakujua."

"Mama," binti akasema, "kuna lingine. Shangazi amenipa chumba cha nyuma. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia. Nahamia Jumamosi."

Basi hilo ndilo lenyewe. Mchuzi haukuwa kitu. Mkaguzi alisimama kwenye jiko lililokuwa lake na kuona jinsi mambo yatakavyokuwa: atatoka na siri yake yote, haijaguswa, atakwenda kuipika peke yake nyuma ya pazia, na hakutakuwa na mtu wa kumtuma kokote. Na kama akibaki na kusema, atakuwa amempa yule mwanamke kwa mdomo wake kile ambacho hakuweza kukichukua kwa kufuli.

Sufuria ilikuwa ikitokota. Juu ya ubao nusu za ndimu zilikuwa zimekatwa tayari, zinangoja, kabla ya wakati wake.

Akazisogeza kando kwa mkono.

"Ndimu ni ya mwisho," alisema, na neno lilitoka kwa shida kama jino. "Kiazi kwanza. Kitoboe kwa uma. Kikikubali bila ubishi, zima moto, halafu ndipo utie ndimu, ufunike, usifunue mpaka mvuke utulie."

Wifi alikuwa pale pale, masikio wazi. Mkaguzi alimwona. Akasema mpaka mwisho.

"Kumbe!" wifi akapumua. "Miaka yote hii kumbe ni..."

"Sikusema na wewe."

Sufuria ilipoiva, mama na binti wakarudi nyumbani pamoja, binti amemshika mkono. Walipofika karibu na duka la dobi, wazo likamchoma Mkaguzi ubavuni. Je, kama viazi vile viliachwa vigumu makusudi? Kama wale wawili walijua fika kwamba ulimi wake hautavumilia, wakakaa wakamngoja?

"Shangazi yako," aliuliza kama asiyejali, "viazi vile alikuwa akivilaje?"

"Alikuwa akivitafuna. Ananiambia ni vitamu."

"Basi anakudanganya."

"Najua. Wateja nao wanacheka tu. Mtu wa kunieleza nakosea wapi alikuwa mmoja." Binti akamtazama kwa pembeni. "Nilikuwa nakungoja uje."

Mkaguzi akasimama katikati ya njia. "Ulikuwa unaningoja?"

"Mama, kuna mkahawa gani hapa mtaani hujaukagua? Nikasema hasira ikiisha atakuja, na ikimzidi atakuja vile vile."

Mkaguzi aliuchunguza uso ule, akautafutia hila kama anavyogeuza nyama kwenye sahani. Akaona uchovu, na mafuta kidogo kwenye nyusi. Hakuweza kujua kama amependwa au amenaswa.

"Hicho chumba cha nyuma," alisema hatimaye, "nitakuja kukiona mwenyewe kabla hujaingiza hata mto. Na mchuzi wa siku hiyo nitauonja."

"Karibu sana, mama."

"Sijasema nakaribia. Nimesema nitauonja."