Fimbo za Marimba Tulizozifua

Sifaeli hakulia makaburini. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo watu walilolisema mwanzo, hata udongo haujakauka. Alisimama na kanga zake mbili, akatupa udongo alipoambiwa atupe, akaweka shada alipoonyeshwa pa kuweka, akarudi nyumbani akauliza kama wageni wameshapata chai. Kesho yake kwenye mfereji mwanamke mmoja wa jumuiya yetu akasema, "Mume aliyeishi naye miaka thelathini na mbili, hata kamasi!" Nikamwambia, "Dada, chota maji yako uende." Lakini na mimi nilikuwa nimeliona.

Mashamba yetu yanapakana, katikati kuna mstari wa mimea ya masale tu. Tulimaliza darasa la saba pamoja, tukapata kipaimara siku moja, na mimi ndiye niliyemshikia mwavuli siku ya harusi yake kwa sababu mvua haikutaka kusubiri. Aliolewa na Mika, fundi seremala. Mika alitengeneza milango, vitanda, na mabenchi yote ya usharika wetu. Mwaka mmoja aliitwa kutengeneza madirisha kwenye chuo fulani cha muziki huko chini barabarani, akaikuta marimba, na aliporudi hakuwa na habari nyingine. Kwa miezi saba alichonga ya kwake, mbao za mninga zimepangwa kutoka ubao mkubwa kama benchi la mtoto mpaka ule mdogo kama kiganja, na mabomba chini ya kila ubao ili sauti ipate pa kukaa. Alipomaliza aliitoa sadaka kanisani. Ikakaa pale ubavuni mwa madhabahu miaka ishirini na moja.

Sasa, marimba haipigwi kwa mkono. Inapigwa kwa fimbo zenye vichwa, na fimbo hizo zilikuwa kazi ya Sifaeli. Mika alikata vijiti vya mkahawa wakati wa kupogoa, vilivyonyooka, akavichomeka juu ya dari ya jiko vikauke na moshi. Sifaeli alikata vipande vya tyubu la baiskeli, akavizungushia kwenye ncha mpaka vikawa mviringo, halafu juu yake akaviringa uzi wa sufu uliofumuliwa kwenye masweta makuukuu. Ukikaza uzi sana kichwa kinakuwa kigumu, kinafaa mbao ndogo. Ukiulegeza kinakuwa laini, kinafaa zile kubwa. Mika alikuwa akisema fimbo nzuri haisikiki, inasikika mbao. Ukisikia fimbo, ni ngumu mno. Usiposikia fimbo wala mbao, ni laini mno. Sifaeli akimsikia anasema hivyo alikuwa anacheka: "Haya mwalimu, mimi nifunge uzi, wewe chagua."

Siku ya tatu baada ya maziko tulikwenda wanawake sita kusafisha nyumba na kufua vitu vya marehemu, kama desturi yetu ilivyo. Hakuna kinachobaki na jasho la marehemu. Mablanketi, mashati, kofia, hata kile kitambaa alichokuwa anafungia kiuno akipiga randa. Mimi nilipewa chumba. Chini ya kitanda nikakuta mfuko wa turubai una fimbo nane, vichwa vimekuwa vyeusi kwa moshi na mafuta ya mikono. Nikaona aibu kuviacha hivyo. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikazisugua moja moja, nikazikamua, nikazipanga juani kwenye uzio. Mungu anisamehe, nilikuwa naimba.

Jioni Sifaeli alizikusanya, akazitazama, akasema, "Mmefanya vizuri. Asanteni." Akazirudisha mfukoni.

Ibada ya shukrani ilipangwa Jumapili ya wiki ya tatu. Mzee wa kanisa, Ndesanjo, alikuja kumwambia Sifaeli mambo yalivyo, na alikuja na kilo mbili za sukari, siwezi kumsema vibaya. "Mama Prisca," akasema, "vijana wananunua spika na kinanda kipya. Nafasi ni ile ile. Baraza limekubaliana hivi: Jumapili ya shukrani marimba ipigwe. Ikilia kama zamani, inabaki pale pale. Isipolia, tutaihifadhi stoo."

Stoo yetu tunaijua. Kuna mabenchi yaliyovunjika, kuna mchwa, na kuna kuku wa mlinzi.

"Sawa," akasema Sifaeli. "Chai?"

Prisca, binti yake anayekaa Sekei mjini, ndiye aliyelia kwenye simu. Mama yake akamwambia asilie, kuna mtandao mbaya.

Wa kuipiga alikuwa mmoja tu, Lemburis, mwalimu wa kwaya, Mwarusha wa Olasiti aliyejifunza kwa Mika miaka minne. Alhamisi ya mazoezi alifungua mfuko, akatoa jozi ya kwanza, akapiga ule ubao mkubwa. Ukatoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa choo.

"Kuna mtu!" akaitikia mama mmoja wa sauti ya kwanza.

Kanisa zima likacheka, hata Lemburis. Akajaribu jozi ya pili, ya tatu, ya nne. Kuna mtu, kuna mtu. Kichwa kimoja kikachomoka kikabingirika chini ya mabenchi. Sifaeli alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa wanawake, mahali pake pa siku zote. Hakucheka, hakukasirika. Alisema tu, "Zimekufa. Sufu ikiingia maji ya moto inakakamaa."

Lemburis alikuwa na jozi nyingine aliyoinunua mjini, vichwa vya plastiki. Zilipopiga mbao ndogo zililia kama glasi. Lakini ule mkubwa hakuugusa. "Huu ukipasuka," akasema, "wa kuchonga mwingine tumemzika."

Kisha akaona amesema nini, akashika mdomo. Sifaeli akamwambia, "Ni kweli, mwanangu. Tumemzika."

Usiku ule sikupata usingizi. Ijumaa asubuhi nikavuka masale, nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamsaidia mpaka sufuria ikakaribia kujaa. Nikasema, "Mama Prisca, zile fimbo nilizifua mimi."

"Najua. Nilikuona dirishani."

"Mbona hukuniita?"

Akaacha kisu kidogo. "Niliona mtu anafua. Sikuona kama ni jambo." Akaendelea kumenya. "Mama Gadiel, usihangaike. Mimi nimekufa ganzi. Ukinikanyaga sasa hivi sitajua mpaka nione kiatu chako."

Nilitaka kumwombea pale pale, nikachukua ndizi nyingine nikaimenya. Nikamwambia, "Tutengeneze nyingine basi. Vijiti vipo."

Vijiti vilikuwepo darini, Mika alikuwa ameviacha kama kumi. Tyubu tukapata kwa fundi baiskeli. Uzi ndio haukuwepo. Sifaeli akaingia chumbani, akatoka na sweta la Mika la rangi ya damu ya mzee, lile la sufu, nililolifua mimi kwa maji baridi.

"Hili si ndilo alilovaa kwenye kipaimara cha Prisca?"

"Ndilo."

"Tutafute lingine."

"Lingine ni nailoni. Nailoni inateleza." Akatafuta ncha kwenye mkono wa kushoto, akavuta. Sweta likaanza kwenda, mstari kwa mstari, kama anapukuchua mahindi. Mimi nikawa nashika uzi kwenye viganja vyangu viwili. Mkono ukaisha, akahamia bega. Hakutazama kingine zaidi ya uzi.

Mikono yake haikusahau kitu. Ilikaza pale pa kukaza, ikalegeza pale pa kulegeza, yeye anaongea habari za mbolea. Jioni tulikuwa na jozi nne: mbili laini, moja ya kati, moja ngumu. Akachukua moja akaidondoshea kwenye goti, kama Mika alivyokuwa anafanya. Akachukua nyingine. Akazipitia zote nane.

"Zote sawa," akasema.

"Haziwezi kuwa sawa, umezifunga tofauti."

"Masikioni kwangu zote sawa. Tangu siku ile kila kitu kinalia sawa, mlango, ng'ombe, simu. Mimi nafunga tu. Kuchagua alikuwa anachagua yeye." Akazitia kwenye mfuko. "Zisipofaa ziende stoo pamoja na marimba yao."

Alisema "yao". Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua kama marimba ile ikitolewa Jumapili, atakaa benchi la tatu aone inabebwa, halafu aende kupika chai, na hatarudi tena kwetu, hata akiwa amekaa palepale.

Jumamosi asubuhi alikwenda sokoni Tengeru na ndizi zake kama kawaida. Saa kumi tukapanda wote kanisani. Sifaeli akatangulia ndani, mimi Lemburis alinisubiri nje, karibu na tangi la maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zimepatikana, jozi nne. Lakini anasema hawezi kuchagua."

"Hata Mzee Mika hakuwa anachagua," akasema Lemburis.

"Unasema nini wewe?"

"Kweli, mama. Aliniambia mwenyewe. Jumapili anaanza na fimbo zozote, ubeti wa kwanza anatazama benchi la tatu. Mguu wa mama Prisca. Kama hautikisiki, ubeti wa pili anabadilisha. Ukitikisika, hapo hapo. Alisema, 'Yule hajui kama anajua, na wewe usimwambie, ukimwambia mguu utaanza kufikiri.'"

Nilisimama na mfuko mkononi. Miaka ishirini na moja nimekaa benchi moja na Sifaeli, namwona anapiga kisigino sakafuni, nikidhani ni mtu kufurahia tu nyimbo za Bwana.

"Sasa mama," akasema Lemburis, "mimi nikipiga sitaweza kuona vizuri, jua linaingia usoni saa hii. Wewe utazame."

Tukaingia. Sifaeli alikuwa ameshakaa mahali pake, amevaa viatu vyake vyeusi vya msibani, miguu pamoja. Mimi nikakaa upande wa marimba, karibu na mfuko, nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Na nilikuwa naomba, lakini macho yalikuwa kwenye kiatu.

Lemburis alianza na jozi laini. Ubao mkubwa ukanguruma vizuri, lakini wimbo ulipopanda kwenye mbao ndogo, ukazama kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Kiatu kimya. Jozi laini ya pili, hivyo hivyo. Ya kati, ikawa safi, sioni kosa lake. Kiatu kimya. Ile ngumu alipiga ubeti nusu, akaogopa kuushukia ubao mkubwa, akaacha.

"Basi," akasema Sifaeli kutoka kwenye benchi. Hakusema kwa uchungu. "Mwalimu, usijichoshe. Umejitahidi."

"Bado moja, mama," akasema Lemburis, akinyoosha mkono kwangu bila kugeuka. Uongo mtupu, hapakuwa na nyingine. Zote nane nilikuwa nimezirundika benchini bila mpangilio, maana mimi kwa macho sizijui, zote rangi ya damu ya mzee. Nikaokota mbili zilizokuwa karibu nikampa.

Akaanza. Baada ya mapigo mawili akaziangalia mikononi, nikajua nimekosea tena. Mkono wa kushoto nilikuwa nimempa laini, wa kulia ya kati. Akataka kuacha. Nikamkazia macho. Kisigino cha Sifaeli kilikuwa kimeinuka.

Kikashuka. Kikainuka. Mkono wa kushoto ulikuwa unanguruma kwenye mbao kubwa, wa kulia unatembea juu yake wazi kabisa, kila neno la wimbo unalisikia, na sikuisikia fimbo hata mara moja. Uso wa Sifaeli ulikuwa ule ule wa makaburini, kama ukuta uliopakwa chokaa. Lakini mguu ulikwenda mpaka ubeti wa tatu, na hakuna aliyeuambia.

"Hizi," nikasema.

"Haya," akasema Sifaeli. "Kama mnaona zinafaa."

Jumapili Lemburis alizipiga hizo. Watu waliimba. Mchungaji aliposema jina la Mika, wengine walilia, Prisca akatolewa nje apigwe upepo. Baada ya baraka, Mzee Ndesanjo alikwenda mwenyewe pale ubavuni, akachukua kitambaa cheupe, akaifunika marimba pale pale ilipo, akanyoosha pindo. Vijana wakatazamana, wakapeleka spika zao upande wa pili.

Tulishuka nyumbani wawili, nimembebea mfuko wa fimbo.

"Imebaki," nikamwambia.

"Nimeona." Tukatembea. Tulipofika kwenye daraja la mfereji akauliza, "Alitumia zipi?"

"Kushoto laini, kulia ya kati."

Akasimama. "Mbili zisizofanana?"

"Ndiyo."

"Ndivyo marehemu alivyokuwa anazirudisha," akasema polepole. "Kila Jumapili. Nakuta kwenye mfuko laini imekaa na ya kati. Nikasema huyu baba ni mvivu wa kupanga. Nikawa nazitenganisha, zinazofanana pamoja na zinazofanana. Kila Jumapili jioni, Mama Gadiel. Na hakuwahi kuniambia niache."

Nikangoja. Nilidhani sasa ndipo atalia. Lakini alivuta tu kanga mabegani na kuendelea kushuka.

Habari ya mguu sijamwambia, hata leo. Jioni ile nilipeleka loshoro kwenye bakuli, yale mahindi ya maziwa ya mgando anayoyapenda, nikamkuta kibarazani na mfuko wa turubai mapajani. Alikuwa na kipande cha uzi kilichobaki kwenye sweta. Alichukua fimbo laini, akachukua ya kati, akazifunga pamoja. Akajaribu fundo kwa kidole. Halafu akashika nyingine laini, akawa anapapasa mfukoni akitafuta mwenzake.