Siku Simba Alipozaa Mlimani

Mama alikuwa na neno lake juu yangu: "Huyu ataolewa na mawingu." Alilisema kila uji ulipoungua, na uji uliungua mara nyingi, maana nilipikia uani, na uani mbingu ilikuwa wazi. Mtu akodolee macho chungu, aache shughuli yote ile ya mawingu juu ya milima ya Uluguru? Mimi sikuweza.

Siku ya posa niliamka nimenuna. Reli ya Mdachi ilikuwa imeshafika Morogoro, na mposaji alikuwa mmoja wa watu wa mbali waliokuja kuijenga, wakalowea Ngerengere. Sikuwahi kumwona. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake, aliniahidi: "Nitakuuliza mbele yao. Ukinyamaza, umekubali. Kama hutaki, sema." Nami nilikuwa tayari kusema. Niende kuishi tambarare, mahali ambapo wingu halina hata mlima wa kuchezea? Thubutu!

Mchana tukawaona wakipanda kwa taabu kati ya migomba: washenga wawili, watu wazima, na nyuma yao kijana mwenye kapu la zawadi begani. Nikajua ndiye, kwa kuwa wenzake waliongea njia nzima na yeye kimya, kama desturi inavyomtaka. Nilijibanza nyuma ya nyumba nikiwachungulia.

Wakati wanaingia uani, mbingu ikaanza mambo yake. Wingu lilitokea nyuma ya kilele, jeusi kama tako la chungu, likateremka mpaka migombani. Kufumba na kufumbua likapasuka, jua likapenya. Kule bondeni kivuli kikawa kinakimbia juu ya mashamba, kikaimeza reli, kikaitapika. Weusi ukageuka zambarau, zambarau ikageuka shaba, na kabla sijameza mate mvua ikamwagika huku jua linawaka, kila tone linametameta! Moyo ulitaka kunitoka kwa furaha. Nikasahau posa, nikasahau adabu, nikaruka katikati ya uani nikipiga kelele:

"Simba anazaa! Jamani, simba anazaa!"

Ndivyo tusemavyo jua na mvua vikija pamoja, na kwetu hata mtoto anajua. Lakini washenga wale walitoka kwenye kambi za reli, na huko simba hakuwa msemo. Alikuwa simba. Tena simba mwenye watoto! Walitupa bakora zao wakashika njia ya bondeni, makubazi huku, vilemba kule. Mjomba akawafuata mbio akiita, "Rudini, mabwana! Ni mvua tu! Ni mvua!" Mama alinitupia jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kujificha.

Yule kijana hakukimbia. Alisimama palepale, kapu begani, maji yakimchuruzika shingoni, uso ameuelekeza juu na mdomo wazi.

"Wewe huogopi simba?" nikamwuliza.

"Simba gani?" akajibu bila kunitazama. "Hebu tazama kule! Upinde unatoka mlimani! Rangi zinaongezeka, tazama, tazama!"

Kelele zangu zote zile hakuzisikia. Nikasogea, nikatazama alikoonyesha, na kweli zilikuwa zinaongezeka. Nikabaki pale pembeni yake, tukazihesabu pamoja.

Washenga walirudi wamelowa na wamefura. Wakabembelezwa, wakaketishwa mkekani. Mjomba akakohoa kidogo ili aanze yale maneno marefu ya posa, ambayo binti huyasikiliza ameinamisha kichwa. Mimi uvumilivu ulinishinda.

"Nimekubali!" nikasema, kabla hajafungua kinywa.

Washenga wakatazamana. Kijana alikuwa bado ameinua uso, anaangalia mawingu ya mwisho yakiondoka. Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ole wangu," akasema, "sasa wamekuwa wawili! Uji ataukoroga nani?"