Jiwe Linaloliwa na Ndimu

Nikiulizwa nimesomea nini, hujibu: mawe. Wapo wanaodhani nafanya mzaha, na wapo wanaonionea huruma. Mama mmoja aliwahi kumuuliza mama yangu harusini, nami nimekaa papo hapo, kama chuoni hakukuwa na masomo mengine. Yalikuwapo. Mimi niliyataka mawe, na leo ukinirudisha kwenye foleni ya kujiandikisha nitachagua mawe tena, na atakayenuna na anune.

Baba yangu alikuwa na godauni Shimanzi, hapa Mombasa, kwenye barabara ile ambayo malori ya makontena hayakupi nafasi hata ya kujisikia mwenyewe. Aliuza mabamba ya mawe ya kuwekwa jikoni, ngazini na msalani. Alipofariki, mirathi yake iligawanywa kwa kadhi. Sina ndugu wa kiume wala wa kike, kwa hiyo nusu ikawa yangu, thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ikawa ya mama, na kilichobaki kikawa cha ami, mdogo wake baba. Kwa mgao huo mwenye fungu kubwa ni mimi. Kwa vitendo, mwenye kiti, mwenye simu na mwenye sauti alikuwa ami, na mimi nilikuwa binti wa marehemu anayekuja kujiliwaza hadi atakapopata mume.

Ami alitaka tumuuzie mafungu yetu. Hakuficha. Kila Ijumaa baada ya swala alipita kwetu Mji wa Kale akitokea kwake Bondeni, akanywa kahawa, akamwambia mama, "Shemeji, mwanamke na mawe ni wapi na wapi? Niuzieni mustarehe." Mama hakuwahi kumwambia ndiyo wala la. Nilijua kwamba siku atakayosema ndiyo sitakuwa na nguvu ya kumpinga, kwa sababu ni mama, na kwa sababu jamaa wote wa upande wa baba walikuwa wamekwisha kumjaza maneno masikioni. Kwa hiyo nilikwenda godauni kila siku nikiwa na hasira iliyofungwa vizuri chini ya buibui.

Hasira yangu nyingine ilikuwa ya majina. Wauza mawe wana majina mawili tu: likiwa jeupe ni marumaru, likiwa na rangi ni graniti. Majina hayo humtosha anayeuza. Anayenunua hayamtoshi hata kidogo, maana ndani ya jiwe mna madini, na madini ndiyo yatakayokaa jikoni mwake baada ya sisi kuondoa lori letu.

Chukua felspa. Felspa si jiwe moja, ni ukoo mzima wa madini, na ndio uliojaza sehemu kubwa ya gamba la dunia hii tunayoikanyaga. Alumini, silikoni na oksijeni hazikosi ndani yake. Kisha huingia potasiamu, au sodiamu, au kalsiamu, na hapo ndipo ndugu wanapoanza kutofautiana sura. Ile ya potasiamu mara nyingi huwa na rangi ya waridi au ya maziwa yaliyokolea. Zile za sodiamu na kalsiamu huwa nyeupe au za kijivu, na ukiliinamisha jiwe kwenye mwanga, mara nyingine huona juu yake mistari myembamba iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Felspa ikivunjika huacha nyuso bapa zinazong'aa, na nyuso mbili hukutana karibu sawa na pembe ya meza. Kwatzi, jirani yake ndani ya graniti, huvunjika ovyo kama chupa. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi felspa. Ndimu nayo haiifanyi kitu cha kuonekana.

Marumaru ya kweli ni kalsaiti, ukoo mwingine kabisa. Kisu huikwaruza, na ndimu huila.

Haya si maneno ya kuringia cheti. Mombasa hii, nani asiye na ndimu jikoni? Samaki huoshwa kwa ndimu, achari ni ndimu, mchuzi hukamuliwa ndimu. Na akishamaliza kupika, mwanamke wa Mji wa Kale hachukui sabuni kwanza. Huchukua maganda ya ndimu aliyokwisha kuyakamua akasugulia sufuria, kibao na meza yote, mpaka shombo ya samaki iishe. Ndivyo alivyofundishwa na mamake, na ndivyo atakavyomfundisha bintiye. Ukimuuzia mtu huyo marumaru ya jikoni umemuuzia kitu kitakachoharibiwa na usafi wake mwenyewe.

Siku chache kabla ya Ramadhani alikuja mama mmoja, mkaazi wa mtaa wa pili kutoka kwetu, pamoja na mwanawe wa kiume. Kijana alikuwa aoe baada ya Idi na mkewe aletwe nyumbani. Yule mama alitaka jikoni pawe pameshapendeza.

"Nataka jeupe, mwanangu," aliniambia. "Jeupe pe, lisilo na kitu."

"Mama, samaki mwamwosha na nini?"

"Na ndimu. Kwani kwenu mwamwosha na nini?"

Nilichukua kipande kilichobaki cha lile jeupe alilokuwa ameliashiria, nikakikwaruza kwa kisu. Unga ukatoka. Nikaukamulia ndimu, maana droo yangu haikosi ndimu, na vipovu vidogo vikaanza kuchemka juu yake. Mama alivitazama, kisha akacheka.

"Na nyumba zetu je? Si matumbawe na chokaa hizi? Wanitisha bure. Mbona hazijaliwa?"

"Ukuta hauusugui kwa ndimu, mama."

Alicheka zaidi, na nilimpenda kwa kicheko kile. Nikamwonyesha jiwe jingine, graniti nyeupe iliyojaa felspa, yenye chembe nyeusi za ulanga, madini yanayometameta, zilizotapakaa. Nikalikwaruza, kisu kikateleza. Nikalikamulia ndimu, pakakaa kimya. Mama alipitisha kidole juu ya zile chembe na uso ukamwingia wasiwasi.

"Hili lina madoa. Mkazamwana atadhani mimi sipangusi."

Nilimwambia waziwazi kwamba lile jeupe pe sitamuuzia kwa jikoni. Kwa ngazi, ndiyo. Kwa ukuta wa sebule, ndiyo. Kwa jikoni, la. Waliondoka wakisema watafikiri, na ami, aliyekuwa amesimama nyuma ya mabamba akisikiliza, aliniuliza kama nimeletwa pale kuuza au kufukuza.

Kesho yake nilipotoka kuswali adhuhuri nilikuta pale lilipokuwa lile jeupe pana nafasi tupu. Nilimuuliza ami.

"Nimemuuzia alichokitaka," alisema.

"Alitaka jiwe la jikoni, ami. Ulilompa si la jikoni."

"Mteja mwenyewe kasema jeupe. Wewe nani?"

Nilijua jiwe litamjibu.

Idi ilipita, harusi ikapita, na kijana akapiga simu akiwa na hasira kwamba jiwe limeharibika. Ami alinisikilizisha, kisha akakata na kunigeukia. Asingeweza kuingia jikoni kwa wanawake wa watu, alisema, kwa hiyo nitaingia mimi. Na maneno yangu alikuwa ameshanipangia.

"Utasema wametumia dawa ya choo. Kama si dawa ya choo, basi sabuni kali. Jiwe letu zima. Ukisema jingine, leo hii nakwenda kwa mamako tumalize haya mambo ya mafungu."

Kwa hiyo nilijua ninachokwenda nacho. Tulipanda tuktuk hadi mwanzo wa kichochoro, tukamalizia kwa miguu. Kwa yule mama, ami alikaribishwa sebuleni na yule kijana, nami nikaingia ndani.

Lile jiwe lilikuwa limekufa. Mng'aro ulibaki pembezoni tu, karibu na ukuta. Kwingine pote palikuwa na duara za vikombe vya maji ya ndimu walivyofuturia, na karibu na karai la kuoshea palikuwa na eneo pana lililofifia, kavu, la kukwaruza mkononi kama chaki. Pale ndipo yule mama alipokuwa akisugua. Niliona kila kitu bila kuuliza: kadiri alivyolisugua kwa maganda ndivyo lilivyozidi kufifia, na kadiri lilivyofifia ndivyo alivyozidi kulisugua.

Mama wa nyumba alisimama upande mmoja. Upande wa pili alisimama bibi harusi, hina bado imekolea mikononi, macho chini. Nadhani walikuwa wamekwisha kusemana, au, kibaya zaidi, walikuwa wamenyamaziana.

"Haya sema," mama aliniambia. Safari hii hakucheka. "Wataka kuniambia nimelitia nini? Ami yako kamwambia mwanangu kwenye simu kwamba hatujui kutunza vitu. Sema mbele ya huyu nami nijue."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kamili. Ami hakuwa amenituma kuokoa jiwe. Alikuwa amenituma kumwambia mwanamke msafi, mbele ya mkazamwana wake mgeni, kwamba yeye ni mchafu. Na alimtuma mwanamke kwa sababu ni mwanamke tu angeweza kuingia hadi pale akaliweka lile neno.

"Hukulitia kitu kibaya, mama," nilisema. "Limeharibiwa na ndimu. Usafi wako ndio ulioliharibu. Jiwe hili halikufaa kuletwa humu, na sisi tuliokuuzia tulijua."

Nilisema kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia. Bibi harusi aliinua macho, akamtazama mama mkwe, na kwa sauti ndogo akasema kwamba kwao pia husugua kwa ndimu. Mama akashusha pumzi ndefu na kukaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi.

Sikuishia hapo. Nilitoka nikaenda sebuleni, nikamwambia yule kijana kwamba tutakuja kuling'oa na kuweka la felspa bila malipo, lile lenye chembe. Kijana alimtazama ami. Ami alilitazama zulia. Mbele ya watu asingeweza kukataa, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Tuliaga, ami akatangulia kutoka. Alitembea mbele yangu moja kwa moja hadi nyumbani kwetu, akabisha hodi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mama alipofungua hakungoja hata kahawa.

"Shemeji, mimi nimechoka. Mwanao analitia godauni aibu. Kanisimamisha mbele ya watu kama mwizi. Leo muchague: muniuzie, au huyu akae nyumbani na mambo ya Shimanzi yamtoke."

Mama alimkaribisha akae. Hakukaa. Mama akamuuliza, taratibu, "Hilo jiwe lililiwa au halikuliwa?"

"Si habari ya jiwe, shemeji."

"Mimi nauliza jiwe."

"Lililiwa," alisema ami. "Lakini—"

"Na yeye alikwambia kabla, au hakukwambia?"

Nilimwona mama akikunja kanga yake kiunoni, kitu anachofanya akitaka kuanza kazi, na bado sikujua ataegemea wapi. Miaka yote ile hakuwa amesema ndiyo wala la.

"Mimi fungu langu ni dogo," alisema. "Kubwa ni la huyu. Tangu afe kakako waja hapa kila Ijumaa waniuliza mimi. Hujapata kumuuliza mwenyewe. Muulize."

Ami alinigeukia. Hakuuliza kwa mdomo, ila alisimama akingoja, na kwa ami huko kulikuwa ndiko kuuliza. Nilijua kwamba nikitetemeka sauti nimekwisha. Nilijua pia kwamba nampenda, ndiye aliyenibeba begani siku za Idi nikiwa mdogo, na jambo hilo halikubadilisha neno hata moja.

"Siuzi," nilisema. "Kesho nafungua mimi. Kila bamba nitaliandika kwa chaki ni jiwe gani na limeundwa kwa madini gani, na lisilofaa jikoni nitaandika kwamba halifai jikoni."

"Wateja watakimbia."

"Wakimbie wakijua wanachokikimbia."

Alitikisa kichwa na kumtazama mama, akitafuta msaada. Mama alikuwa anamimina kahawa.

"Lakini wewe ami," niliendelea, "ukiona godauni lenye mwanamke halikaliki, niuzie fungu lako. Nitalinunua."

Hapo ndipo alipokaa. Mama alimwekea kikombe mbele yake, akanitazama usoni kuona kama nilikuwa natania. Sikuwa natania.