Karani Aliyesoma Bunduki

Karani wa silaha pale bomani alizoea kumwacha mtu ajieleze mpaka achoke, huku yeye akisoma bunduki. Alifuta masizi kwa kidole gumba chenye mate, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaliona taji dogo lililogongwa kwenye chuma.

"Ya Mjerumani. Ya mwaka elfu moja mia nane sabini na saba. Risasi moja moja."

Kamili, mwenye bunduki hiyo, alijua bunduki inayolia inachukuliwa na serikali, na nguruwe wataumaliza muhogo wake Ushirombo.

"Ukumbusho tu, mzee. Haijalia tangu babu afariki."

Karani akasogeza pua kwenye mtutu, akavuta pumzi taratibu kama anayenusa mchuzi.

"Kumbe babu kafariki juzi?"

Foleni nzima ikamgeukia Kamili. "Pole na msiba, Baba Anisia."