Goli Moja Tuliloliita Kufagia

Tumewachakaza! Ndivyo ulivyoandika jana kwenye simu, mwanangu, nami nikasomewa na dada yako. Mmewachakaza Hirbadaw. Nikauliza, ngapi? Moja bila. Lilifungwaje? Penalti! Ebo! Penalti moja, tena kipa wao aliigusa, ndiyo kuchakaza huko? Kaa hapo chini. Leo nina hasira, na nusu ya hasira hii ni juu yangu mimi mwenyewe, tangu nikiwa msichana.

Iko siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka mpaka vumbi lake. Sisi wasichana wa Endagikot tulipanda lori kwenda Balangdalalu kucheza netiboli. Mimi nilikuwa mfungaji. Aliyenikaba alikuwa Udaghwenga, binti wa Mzee Gidamuda, mfugaji wa kule na rafiki wa baba yangu. Na hakuwa rafiki wa salamu tu. Ng'ombe watano wa baba walikuwa kwenye zizi lake, maana kwetu milimani mashamba yamemaliza malisho. Ndiyo desturi yetu na watu wa bondeni: yeye anachunga na kukamua maziwa, ndama wanabaki kuwa wako, na mkitembeleana mnalala nyumba moja. Hakuna karatasi, ni heshima tu.

Mechi ilikuwa ngumu, nisikudanganye. Kumi na tisa kwa kumi na tisa, kipenga kinakaribia, nikarusha. Pete ya kule haikuwa na wavu, vumbi limetanda, mwamuzi hakuona kama mpira umepita ndani au pembeni. Wenzangu wanapiga kelele umeingia, wenzake wanapiga kelele haujaingia. Mwamuzi akamgeukia Udaghwenga, maana ndiye aliyekuwa chini ya nguzo. Yule binti akafuta jasho, akasema, "Umeingia." Basi, tukashinda.

Na sisi tukafanya nini? Tukapanda lori tukaanza wimbo. Mimi ndiye niliyeuanzisha, Mungu anisamehe. Tumewafagia Balangdalalu, tumewafagia kama majivu ya jikoni! Tuliimba njia nzima, tukaimba Jumapili baada ya misa, tukaimba kisimani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila tulipopigiwa makofi tuliongeza magoli. Kufikia siku ya mnada tulikuwa tumeshinda kwa magoli kumi, na wimbo wetu ulishafika bondeni.

Wiki haikuisha. Asubuhi nafagia uwanja wa nyumbani, nikasikia kengele za ng'ombe. Mzee Gidamuda huyo na fimbo yake, na wale ng'ombe watano wa baba, wamechoka kwa kutembea siku mbili. "Shikamoo, baba," nikasema. "Marahaba," akaitikia, wala hakunitazama. Baba akatoka anacheka, akidhani kapata mgeni wa heri.

"Nimekuletea mali yako," Gidamuda akamwambia. "Nasikia sisi ni majivu. Majivu hayachungi ng'ombe wa mtu."

Baba akanigeukia. "Paskalina, mlishinda ngapi?"

Nikanong'ona: ishirini kwa kumi na tisa.

"Na hilo la ishirini," akauliza mgeni, "nani alisema limeingia?"

"Binti yako," nikajibu.

Baba akasema, "Haya, imba. Imba huo wimbo mbele ya baba yake." Sikuweza, mwanangu. Niliyeimba njia nzima bila kuchoka, siku ile nilikosa hata neno moja.

Baba akamsihi mgeni anywe hata maji. Hakunywa. Akageuka na fimbo yake, akaondoka. Nyasi za kwetu hazikuwatosha ng'ombe wale. Kabla ya mvua wawili walikufa, na mmoja wao ni yule mwekundu ambaye babu alimpa baba siku alipooa. Baba hakunichapa, na natamani angenichapa. Aliniambia tu, "Uliyemshinda kwa goli moja, kwa yale kumi na tisa mlikuwa sawa."

Baadaye nilimkuta Udaghwenga mnadani nikamwomba radhi. Hakunitukana. "Mimi niliulizwa, nikasema kweli," akaniambia. "Wewe hukuulizwa na mtu, ukadanganya." Akaenda zake na mama yake.

Kwa hiyo usiniambie ni utani wa vijana! Maji yakimwagika hayazoleki. Kuna kugaragaza, kuna kuchakaza, kuna kushinda kwa tabu, na kuna kuponea chupuchupu. Kila ushindi una neno lake, na ninyi kila siku mnakimbilia lile kubwa, kama mtoto anayevaa koti la baba yake. Umeshinda kwa tabu? Sema umeshinda kwa tabu, aliyekutoa jasho apate haki yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kweli. Lakini anayemdhalilisha aliyeshindwa ni nani? Yule kipa wa Hirbadaw ana baba, na kiangazi hakimchagui mshindi.

Haya, toa simu. Futa hayo. Andika: moja bila, kwa penalti, na kipa wao nusura aidake. Andika nikiona.

Mungu akupe ushindi, mwanangu, tena mwingi, na akupe mdomo usiouzidi ushindi wenyewe. Na wale utakaowashinda, siku ukipita kwao una kiu, wakufungulie mlango.