Usimwamini Daktari Kabla ya Ukurasa wa Tisini

Harufu ya mafuta ya cherehani, ikichanganyika na moshi wa pasi ya mkaa, hunirudisha mtaa wa Vulamba, katika chumba cha kushonea cha Tantine Masika, mdogo wake mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mji wetu wa Butembo ulikuwa mikononi mwa waasi, na watu walikuwa wamejifunza kusalimiana bila kusimama. Aliyeuliza jirani yake anasafiri lini alitazamwa mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alizoea kusema, hata anapofunga mlango wa jikoni mchana kweupe.

Chini ya rafu ya vitenge, katika boksi la mabaki ya vitambaa, Tantine alificha riwaya za mapenzi. Zilikuwa nyembamba, za Kifaransa, kurasa zake zimelainika kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Wauguzi, madaktari na warithi wa mashamba ya mizabibu walikosana katikati ya kitabu na kupatana karibu na mwisho. Nilizipenda, na bado nazipenda bila kuomba radhi. Wakati hakuna aliyejua kesho itaamkaje, kitabu kilichoahidi kwamba wawili watapatana kilikuwa chakula. Baba, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, alisema hazitaingia nyumbani kwake. Kwa hiyo nilizisomea kwa Tantine, nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Wanawake aliowaazima vitabu walikuwa na desturi moja. Kila aliyemaliza kitabu aliandika kwa penseli, kwenye ukurasa mtupu wa mwisho, jina la kubuni, mahali anapokaa na neno la kumsaidia anayefuata. Kisha kitabu kilikunjwa ndani ya gauni jipya na kupelekwa na lori la vitunguu na kabichi, kuanzia Masereka milimani hadi Bungulu, kule Beni. Niliisoma ile mistari kwa hamu kama hadithi yenyewe, nikijaribu kukisia ni nani aliyelia kwenye ukurasa upi.

Kiangazi kimoja askari wa kizuizi cha barabara ya Beni walifungua gauni moja lenye kitabu. Siku mbili baadaye ofisa wa usalama alisimama mlangoni kwa Tantine, kitabu mkononi. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, shati limepigwa pasi vizuri kuliko nguo zote tulizozishona. Akasoma polepole: "'Rose, Bungulu: usimwamini daktari kabla ya ukurasa wa tisini.' 'Maua, Masereka: nililia mara mbili, pitisha Vulamba haraka.' Mama, huyu Rose ni nani? Na docteur, anafanya kazi wapi?"

Tantine alicheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Chef, iko kitabu tu ya mapendo."

"Mapendo iko na bitu ya kupitisha haraka? Twende bureau."

Huko ofisini aliulizwa majina ya kweli, akakataa kuyataja. Baadaye nilijua kwamba Rose alikuwa mke wa mchungaji. Ofisa akamwambia: basi lete mtu mmoja aliyekisoma, ambaye hajaongea nawe tangu jana. La sivyo, kesho Tantine atapandishwa gari na kupelekwa mbele, na waliopelekwa mbele tulikuwa hatujawaona wakirudi. Mama alizunguka mtaa mzima akimtafuta msomaji huyo. Wanawake waliokuwa wakigombea zamu ya kitabu sasa hawakujua hata kusoma Kifaransa. Mmoja alifunga dirisha mama akiwa bado anaongea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na jioni ile tulihesabu marafiki bila kutumia kidole. Mimi niliwatazama mmoja mmoja nikijiuliza ni nani aliyewaambia askari wapekue magauni, maana kabla ya hapo walikuwa wakipekua magunia tu.

Asubuhi nilimsindikiza baba kupeleka uji. Ofisa alimwonyesha kitabu. Baba akajibu kwa sauti ya kanisani kwamba kwao hakuna asomaye mambo hayo. Nilimwona Tantine kwenye benchi, viatu vimeondolewa. Nilimwogopa baba kuliko bunduki iliyoegemezwa ukutani.

"Miye nilisoma," nikasema.

Baba aligeuka. Ofisa akafungua ukurasa wa tisini, akauziba kwa kiganja. "Docteur anafanya nini hapa?"

"Anarudisha barua ya muuguzi. Aliifichaka kwa saa ya ukutani."

"Donc kisha hapo anaaminika?"

"Hapana. Miye simuamini hata kwa mwisho. Mutu anaficha barua ya mwenzake miezi sita!"

"Alishaomba pardon!" Tantine alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Page mia na kumi, alipiga magoti kwa mvua!"

"Kwa mvua, Tantine, sababu taksi ilimukimbia!"

"Weye, mutoto, unajua nini ya mapendo?"

Tulibishana hivyo mpaka askari wa mlangoni akageuza uso kuficha kicheko. Ofisa hakucheka. Alitutazama kwa zamu, mmoja kisha mwingine, kama anayelinganisha noti mbili. "Batu ya kupatana uongo," akasema hatimaye, "banasemaka kitu moja." Akamrudishia Tantine viatu vyake. Kitabu alibaki nacho.

Tulipofika sokoni, baba akaniuliza: "Na Biblia umefika wapi?"

"Walawi, Papa."

"Donc leo utaanza Hesabu."

Ndiyo adhabu pekee niliyopata. Aliyewapa askari habari ya magauni simjui hadi leo. Wale wanawake walirudi mmoja mmoja kushonewa, wakauliza kwa macho kama kuna kitabu kipya. Tantine aliwapa, lakini penseli alizitupa zote.

Siku hizi riwaya hazisafiri ndani ya magauni. Wasichana wa Butembo na Beni hutumiana kwa simu, wanajitaja kwa majina yao kamili, na kutangaza hadharani ni nani aliyewaliza. Nawaonea wivu, nawasoma wote, na huwa natazama kwanza ni nani mwingine anayewasoma. Tantine sasa anavaa miwani mizito. Wiki iliyopita aliniazima kitabu, ukurasa wake wa mwisho mweupe kama siku kilipotoka kiwandani. Nikamwuliza amekionaje.

"Funga mulango kwanza," akasema.